Siagi ya Kibuyu cha Chepkosgei

Kepher Ogari alifanya kazi katika kiwanda cha chai miaka thelathini na minne, na katika muda huo wote hakuwahi kuonja kahawa. Hakuna aliyemkataza. Lilikuwa tu jambo ambalo mtu wa chai halifanyi, kama vile mwenye kuku asivyokwenda kwa jirani kuazima yai. Kwa hiyo Jumamosi ile bintiye Beverly alipoingia jikoni na kupanga mezani mkebe wa kahawa, pakiti ya siagi ya dukani na mashine ndogo ya betri ya kupigia povu, mzee alivitazama vitu hivyo kama wageni waliokosea nyumba, akangoja wajitambue waondoke.

Hawakuondoka.

Beverly ni mtoto wake wa pekee. Ana miaka arobaini na mmoja, anafanya kazi katika ofisi ya chuo kimoja mjini Kericho, na mwaka huu amehamia nyumba yake mwenyewe, nyumba ya vigae na kuta nyeupe pe. Kila Jumamosi ya pili huendesha gari lake dogo mpaka Sosiot kumwona baba yake. Zamani alikuwa akija na mkate na sukari. Siku hizi anakuja na mafundisho. Kwanza yalikuwa maji ya vuguvugu na tangawizi. Kisha ikawa kula mara moja kwa siku, kama mbwa wa mlinzi. Mwezi ule ilikuwa kahawa ya siagi: unachemsha kahawa nyeusi bila sukari, unatia kipande cha siagi, unaipiga mpaka itoe povu, unakunywa hiyo asubuhi na hutaki chakula mpaka saa saba. Mwili ukikosa sukari, alieleza Beverly, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na mtu anapungua. Alikuwa ameyaona yote kwenye simu. Maofisini kule Kericho, alisema, kila mwanamke anakunywa hiyo.

Kepher alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama siku hizi mtu anahitaji mashine ya kumsaidia kukaa na njaa. Watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, alisema, walikaa nayo bure miaka na miaka.

"Si ujaribu tu, Baba," Beverly alisema. "Kikombe kimoja hakiui mtu."

Alijaribu. Kwanza ulikuja uchungu, uchungu wa kitu kilichoungua, na huo aliutarajia. Kisha yakaja mafuta, yakamganda midomoni. Siagi yenyewe haikuwa na harufu yoyote ila ya friji. Alitaka kurudisha kikombe mezani na kusema asante. Lakini pale katikati, baina ya moto wa kinywaji na ule utelezi wa mafuta kooni, kitu kilimgonga kifuani. Akanywa tena aone ni nini.

Ilikuwa Chepkosgei.

Si kwamba alikuwa amemsahau mkewe. Tangu afe, miaka tisa sasa, hakuna siku iliyopita bila jina lake kupita. Lakini kichwa kumkumbuka mtu ni jambo moja, na koo kumkumbuka ni jambo jingine. Miaka ya mwanzo, kabla hajapelekwa chumba cha kuchachisha majani, Kepher alikuwa kwenye kuchekecha na kupakia, ambako vumbi la chai lilikuwa jingi hata mtu akipiga chafya leso inabadilika rangi. Alikuwa akirudi laini, kwenye ile nyumba ya chumba kimoja waliyopewa na kampuni, kifua kimefungwa kama gunia lililoshonwa mdomo. Chepkosgei alikuwa akimpikia turungi, chai kali isiyo na maziwa, na ndani yake akitumbukiza kidonge cha siagi iliyotoka kwenye kibuyu chake mwenyewe. Siagi nyeupe yenye vidoadoa vyeusi vya mkaa, inayonukia moshi na uchachu. Kisha alikuwa akisimama hapo, mikono kiunoni, mpaka kikombe kiishe.

"Kunywa yote, mtu wa ziwa," alikuwa akimwambia. "Chai ndiyo imekuziba, chai ndiyo itakuzibua."

Kepher alitoka Nyakach, chini kule kwenye joto. Chepkosgei alikuwa wa papa hapa Sosiot, na ukoo wake haukufurahi, wala wa Kepher haukufurahi, lakini vijana wale wawili hawakuuliza. Yeye alikuja na Kijaluo, Chepkosgei na Kipsigis, na Kiswahili kikawa lugha ya chakula, ya ugomvi na ya kumwimbia mtoto. Alipostaafu walinunua kipande cha shamba kwa watu wa Chepkosgei, wakapanda michai yao wenyewe. Hapo ndipo alipomzika, nyuma ya nyumba, mahali michai inapoishia. Ndugu zake wa Nyakach walitaka aende akalale kwao kama wake za watu wengine. Kepher alikataa, na mpaka leo hawajamsamehe. Alisema mwanamke huyu alizoea baridi.

Beverly alimwona baba yake akimaliza kikombe, akafurahi, akadhani amepata mfuasi.

"Kahawa si neno," Kepher alisema. "Lakini hii siagi yako ni sabuni. Siagi ni ile ya mama yako."

Macho yao wote wawili yakapanda juu. Jikoni mwa Kepher dari ni la fito, na kwenye fito hizo, juu ya mahali pa moto, kilikuwa kimetundikwa kibuyu cha Chepkosgei, kirefu, chenye shingo nyembamba, kimevaa mkanda wa ngozi na shanga chache zilizobaki. Kilikuwa hapo tangu mazishi. Beverly alikuwa amekiomba mara mbili mwaka huu. Kuta nyeupe, alisema, zinaonekana tupu, na fundi wake wa mapambo alimwambia kitu cha asili kitapendeza sebuleni, kimwekewe na taa yake ndogo. Aliomba tena hapo hapo, mara ya tatu.

"Kibuyu si picha," Kepher alijibu.

"Basi kinafanya kazi gani huko juu, Baba? Kinakula moshi tu."

Maneno hayo yalimwingia, kwa sababu yalikuwa kweli. Aliona kibuyu kikiwa kimetundikwa chini ya taa ndogo, wageni wenye vikombe vya povu wakikigusa kwa ncha ya kidole na kuuliza kilikuwa cha nini. Alimwona Chepkosgei mzima mzima akigeuka pambo. Akasema, bila kufikiri, kwamba kibuyu kitafanya kazi, na kwamba Jumamosi atakayorudi atakuta siagi ya kutia kwenye kahawa yake.

Beverly hakuwa na ubaya, alikuwa na ubishi wa mama yake. Alinyoosha mkono juu ya meza. "Nikikuta siagi, sitakiomba tena maisha yangu yote. Nisipokuta, kinakuja ukutani kwangu."

"Kikiwa na kazi, kinabaki," Kepher alisema, akaushika ule mkono. "Kikikosa kazi, chukua."

*

Gari lilipoondoka ndipo alipotambua kwamba hajui kutengeneza siagi. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa amekaa kwenye kigoda mita mbili kutoka kwenye kibuyu hicho, lakini hakuwahi kukigusa. Kwa Wakipsigis kibuyu cha maziwa ni cha mwanamke. Mwanamume hakisafishi wala hakitikisi. Kazi yake ni kungoja kijazwe na kuletwa. Kepher, ambaye kwao mambo yalikuwa mengine, aliifuata desturi hiyo bila shida yoyote, kama wanaume wanavyofuata desturi zinazowapumzisha.

Alijua hatua ya kwanza, mkaa wa senetwet, kijiti cha kusafishia vibuyu. Zamani kijiti chenyewe kilikuwa kila kando ya njia, na maua yake ya njano yanasimama kama mishumaa. Jumapili baada ya kanisa alitembea barabara nzima asikione. Kila mahali kilipokuwa, sasa ni mchai au mkalitusi. Alipita kwenye zile laini za zamani, alikoishi yeye na mkewe na Beverly mchanga. Nusu ya nyumba zilikuwa zimebomolewa. Mashine ya kuchuma majani inafanya kazi ya wanawake ishirini, na mashine haihitaji nyumba wala haiwashi jiko jioni. Nyuma ya ukuta uliobaki, mahali palipokuwa pa kutupia majivu, alikikuta kichaka kimoja cha senetwet. Akakata matawi mawili, akayabeba kwapani, akapita katikati ya watu waliotoka kanisani na Biblia zao wakimtazama.

Alichoma ncha ya tawi ikawa mkaa, akauingiza kibuyuni, akausaga ndani kwa ule ufito mrefu wa mkindu uitwao sosiot, jina lile lile la soko lao. Ufito wa Chepkosgei ulikuwa bado umechomekwa kwenye fito za dari. Alipovuta mkono, ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko. Kisha akamimina maziwa ya ng'ombe wake wa gredi, yule mkubwa mweupe na mweusi ambaye maziwa yake huenda moja kwa moja kwenye mtambo wa kupozea kule barabarani. Akafunika, akaweka pembeni, akangoja.

Sasa, hapa ndipo kiwanda kilipomponza. Kepher hakuwa mtu wa kutojua uchachu. Miaka ishirini na zaidi alikuwa mtu wa chumba cha kuchachisha, na pua yake ilijulikana. Majani yaliyosagwa yanalala pale yakibadilika, kutoka kijani mpaka rangi ya shaba, kutoka harufu ya nyasi mpaka harufu kama ya tunda lililoiva, na kuna dakika moja tu ambayo ni ndiyo. Ikipita, chai imekufa. Vijana wenye saa na vipimo walikuwa wakija kwake kumwuliza. Yeye anainama, ananusa, anasema: sasa. Na sasa maana yake ni moto, majani yapelekwe mara moja kwenye kikaushio, uchachu ukatwe. Kanuni hiyo ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa.

Siku ya tatu alifungua kibuyu, akanusa. Uchachu ulikuwa umefika, safi, na moshi nyuma yake. Dakika ilikuwa hiyo. Mzee hakujiuliza mara mbili. Alikiegemeza kibuyu kwenye mawe ya jiko, karibu na makaa, ili maziwa yasizidi. Alikiacha hapo muda wa kwenda kukama na kurudi.

Kisha akatikisa. Alitikisa kuanzia asubuhi mpaka jua likasimama. Ndani ulikuwa mlio wa maji tu, chwa chwa chwa. Alipomimina, yakatoka maziwa yaliyokatika, na juu yake mafuta ya njano yameyeyuka na kuelea kama mafuta ya taa yaliyomwagika. Siagi hakuna.

Hapo ndipo alipokuja Joan. Joan ni mdogo wake Chepkosgei, mjane, anaishi ng'ambo ya kijito, na alikuwa amekwisha kusikia habari za yale matawi. Alisimama mlangoni, akatazama mikono myeusi ya shemeji yake, akatazama sufuria, akauliza amefanya nini na nini. Kepher akamweleza yote, pamoja na moto. Joan alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Shemeji, mimi nimeona mambo," alisema alipopata pumzi. "Nimeona mwanaume akisuka mtoto nywele. Nimeona pasta akicheza mpira. Lakini kukausha maziwa kama majani chai, hiyo ndiyo naona leo."

"Yalikuwa yamefika," Kepher alisema. "Pua yangu haidanganyi."

"Ndiyo, yamefika. Yakifika unatafutia baridi, si moto. Chepkosgei alikuwa anaamka saa ngapi kutikisa?"

Kepher alifikiri. Alikuwa akiamka kabla ya king'ora cha kiwanda, ukungu ukiwa bado umelala juu ya michai.

"Na ulidhani anaamka mapema kwa kupenda?" Joan alisema. "Wewe uliangalia miaka hiyo yote, na hukuona."

Hilo halikuwa la kuchekesha, na Joan mwenyewe aliona baada ya kulisema. Kisha akauliza kwa nini mtu wa miaka sabini anajitesa hivi. Kepher akamweleza kuhusu ukuta, na taa ndogo, na ule mkono alioushika juu ya meza. Joan aliinua macho akatazama fito za dari. Yeye mwenyewe vibuyu vyake viliisha zamani. Mursik ya wageni, yale maziwa ya mgando, siku hizi anaiweka kwenye mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia, na haoni aibu, kwa maana wageni wenyewe wanaomba soda. Lakini alikuwa na ng'ombe mmoja wa kienyeji, mdogo, mwekundu, ambaye maziwa yake ni machache na mazito. Akasema atamletea ya ng'ombe huyo. Maziwa ya gredi, alisema, ni mvua.

"Kutikisa utatikisa mwenyewe," aliongeza. "Nikigusa, Beverly atasema ni mimi."

*

Maziwa ya ng'ombe mwekundu yalikaa kibuyuni siku nne, mahali pa baridi nyuma ya mlango. Alhamisi Kepher aliamka kabla ya ndege. Huko juu Sosiot asubuhi kama hiyo inauma vidole, na ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Alikaa kwenye kigoda cha Chepkosgei, akalaza kibuyu mapajani, akaanza. Joan alikuja akiwa amejitanda shuka, akakaa kizingitini, akawa anamwongoza kwa mdomo. Usikimbize. Unatikisa mtoto, hutikisi mwizi. Mbele, nyuma. Sasa funua kidogo pumzi itoke. Funika.

Mikono ilimuuma, kisha ikaacha kuuma. Akasikia kwamba mwili wake unakifuata kitu unachokijua: mwendo ule, mbele, nyuma, ndio uliokuwa ukimwamsha kila asubuhi ya maisha yake, kupitia pazia la chumba kimoja, yeye akivuta blanketi na kujiambia bado kuna nusu saa. Alikuwa amelala juu ya mlio huo miaka yote akidhani ni mlio wa asubuhi yenyewe. Ulipokoma, alidhani ni uzee unaomfanya asisikie vizuri.

Kisha mlio ukabadilika. Ule wa maji ukapungua, ukaingia mwingine mzito, kama mtu anayetembea ndani kwa miguu mitupu.

"Hapo," Joan alisema polepole. "Taratibu sasa."

Ilitoka kidogo, kama yai la kuku anayeanza kutaga. Nyeupe, na vidoadoa vyeusi. Kepher aliishika kiganjani, na Joan akageuka kutazama nje.

Alipokiinamisha kibuyu kukimalizia, aliona tone kwenye goti lake. Akafuta. Likaja lingine. Walikichukua nje kwenye mwanga wakakigeuza. Ufa ulianzia shingoni, upande ule alioegemeza kwenye moto, mwembamba kama unywele, ukashuka mpaka tumboni na kuzunguka nusu. Labda ulikuwa hapo tangu siku ile, na kutikisa ndiko kulikoufungua.

Kepher aliuliza kama hakishoneki. Alikumbuka kuona vibuyu vimeshonwa, ufa umefungwa kwa nyuzi na ushanga juu yake, vikiendelea na kazi miaka mingi.

"Vinashonwa," Joan alisema. "Hapa aliyekuwa anajua ni dada yangu."

*

Jumamosi Beverly alikuja saa nne. Alimkuta baba yake amevaa shati la kanisani, na mezani vikombe viwili, mkebe wa kahawa aliouacha, na kisahani kilichofunikwa. Kepher alifunua. Beverly akaweka funguo chini. Kwa dakika nzima alitazama kile kidonge cheupe chenye madoa, halafu akatazama mikono ya mzee, ambayo weusi ulikuwa bado umeshika kwenye kucha.

Alimwambia ameshinda. Alimwambia kwa furaha ya kweli, akamkumbatia. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejikunja, akaeleza kwamba mambo ya siagi ameyaacha. Ilionekana inapandisha mafuta kwenye damu. Sasa wote kule ofisini wanakunywa kahawa na ndimu.

Kepher alichemsha kahawa hata hivyo. Alikuwa ameifanyia mazoezi Ijumaa. Akatia siagi kwenye kikombe cha bintiye, akaipiga kwa ile mashine ya betri ambayo mkononi mwake ilipiga kelele kama nyuki ndani ya chupa. Vidoadoa vya mkaa vikapanda juu ya povu. Beverly alivitoa kimoja kimoja kwa ncha ya kijiko, akavipanga ukingoni mwa kisahani, akanywa nusu. Alisema ni nzuri. Alisema ina moshi kidogo. Mzee alimtazama akimeza, akajua huyo ni mtoto mwema anayemnywea baba yake kikombe.

Yeye hakunywa kahawa. Alijipikia turungi, kali, akatumbukiza siagi iliyobaki, akangoja iyeyuke. Ilikuwa karibu sana. Moshi ulikuwepo, uchachu ulikuwepo, na kile kitu kilichomgonga kifuani wiki mbili zilizopita kilisogea mpaka mlangoni. Lakini hakikuingia. Alikunywa mpaka chini akikingojea. Labda ulikosekana tu mtu wa kusimama hapo mikono kiunoni.

Aliweka kikombe chini, akapanda kwenye kigoda, akakishusha kibuyu na kumwonyesha Beverly ufa.

"Nilikitia motoni kwa ujinga wangu," alisema. "Hakishiki maziwa tena. Tulisema kikikosa kazi, chukua."

Beverly alikataa. Alisema siagi ameikuta, mkataba umekwisha, kibaki. Kepher akasema hakupeana mkono na mtu kwa ajili ya siagi, alipeana kwa ajili ya kazi, na kibuyu hakina kazi. Wakabishana hivyo kwa muda, kila mmoja akimsukumia mwenzake kile ambacho wote wawili walikitaka. Mwisho mzee alikifunga kwa leso ya Chepkosgei, ile ya rangi ya machungwa, akakibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, akakilaza kwenye kiti cha nyuma.

Joan aliposikia alimgombeza. Alimwambia mtu wa akili angenyamaza, nani angechungulia ufa huko juu kwenye moshi? Jioni hiyo Kepher aliinua macho kwenye fito za dari mara nyingi, na kila mara alikuta duara jeusi la mahali kibuyu kilipokuwa kimeegemea.

Jumatano Beverly alipiga simu. Aliuliza habari za ng'ombe na za mvua. Kisha Kepher akasikia magari ya mjini nyuma ya sauti yake.

"Baba, sijakitundika," alisema. "Fundi anataka kukipaka vanishi king'ae. Nimemkatalia. Kiko bado kwenye gari."

"Kwa nini?"

"Gari lote linanukia jikoni kwa Mama. Nimefunga madirisha yote. Naendesha hivyo."

Kepher aliinua macho kwenye lile duara jeusi la darini. Alimwuliza kama atakuja Jumamosi ile, ingawa haikuwa ya zamu yake. Akasema atakuja.

Alikuja. Alipozima gari, mzee alikuwa amekwisha kufika mlangoni mwa gari, akamwambia aingie ndani, chai iko mezani, mama yake mdogo yuko. Yeye akazunguka upande wa pili, akafungua, akaketi kiti cha nyuma karibu na ile leso ya rangi ya machungwa, akavuta mlango ukafungika.

Baada ya muda Joan alitoka na kikombe mkononi. Alisogea mpaka kwenye dirisha, akamtazama shemeji yake aliyekaa wima na shati la kanisani, mikono magotini, macho ameyafumba. Akagonga kioo kwa kidole.

"Shemeji, chai inapoa. Unaenda wapi?"

Kepher hakufungua kioo.

"Siendi mahali," alisema.